Ziwa la mjini likigeuka kijani, abanwe mwenye nyumba?

Mtoa mada: Wadau, ziwa likivaa utando wa kijani tunakimbilia kulaumu viwanda na manispaa. Mimi nasema tuanzie getini kwetu. Juzi mvua ilipopiga nilisimama nikatazama maji yanavyotoka uani: majani makavu, povu la gari nililokuwa nimeliosha asubuhi, chembe za mbolea ya bustani na kinyesi cha mbwa, vyote hivyo mtaroni. Na mtaro wa mvua, sehemu nyingi, haupiti kwenye mtambo wa majitaka. Unamwaga ziwani vilevile ulivyopokea. Je, iwepo sheria ya kumlazimisha kila mwenye nyumba kufagia mbele ya nyumba yake?

Jibu: Unamwonea mnyonge, mkuu. Ziwa Washington pale Seattle, Marekani, lilichafuka kwa majitaka ya miji iliyolizunguka. Halikuokolewa na mafagio. Kati ya 1963 na 1968 majitaka yalielekezwa kwingine kwa mabomba makubwa, na baada ya miaka michache maji yakatakata.

Mtoa mada: Na mabomba hayo yalipatikanaje? Wakazi walipiga kura mwaka 1958 kuunda chombo cha kuyajenga. Wenye nyumba haohao! Halafu bomba la majitaka lina mdomo mmoja, unauhamisha umemaliza. Maji ya mvua yanatoka kila paa, utahamisha mangapi?

Tatizo lenyewe ni fosforasi, kirutubisho kinacholisha huo utando wa kijani. Mwaka 1973, huko Ontario, Kanada, watafiti waligawa ziwa moja la majaribio, Ziwa 226, kwa pazia. Upande mmoja waliweka kaboni na nitrojeni, upande wa pili hivyohivyo pamoja na fosforasi. Ni huo wa pili uliogeuka kijani. Sasa chukua ndoo ya maji, tumbukiza majani makavu, uache mpaka kesho. Ile kahawia utakayoiona imetoka ndani ya majani, na humo fosforasi imo. Ndiyo maana nasema fagia mbele ya nyumba kabla mvua haijaja, na usifagilie mtaroni (wengi wetu ndio mchezo wetu). Gari lioshee kwenye nyasi, maji yanywewe na udongo.

Jibu: Kwenye sheria niko nawe nusu. Askari wa kuhesabu majani utampata wapi? Minnesota, hukohuko Marekani, walibana mbolea yenyewe: tangu 2005, jimbo zima, ya fosforasi hairuhusiwi kwenye nyasi za nyumbani, isipokuwa kipimo cha udongo kionyeshe upungufu au nyasi ziwe mpya.

Jibu: Mnaongea kama kila anayeishi kwenye nyumba ni yake. Mimi mpangaji. Shimo la choo limejaa tangu mwezi uliopita, mvua ikinyesha linafurikia mtaroni, na mtaro unashuka ziwani. Mwenye nyumba nikimpigia anasema yuko kikaoni. Hiyo sheria yenu itamgonga nani mlango, mimi au yeye?

Mtoa mada: Yeye. Na hapo nakiri fagio langu halifiki.