Hela ya jioni Mwaloni inaishia kwenye mikeka ya kubeti: akili inafanya nini hapo?

MwekaHazina_Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Nauliza kwa niaba ya kikundi cha wabeba magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, watu 18. Wanalipwa kila jioni, na siku nzuri mtu anaondoka na 10,000 hadi 15,000. Makubaliano ni 2,000 kila siku kwenye kikoba, akiba yetu ya pamoja. Ikifika Ijumaa nusu yao hawana kitu, yote imekwenda kwenye mikeka. Si kwamba hawajui. Hasara yao wanaijua mpaka shilingi ya mwisho.

Tumehimizana, tumeapishana, tumeweka faini ya 1,000. Wiki mbili za mwanzo mambo safi. Mbalamwezi ikiingia mzigo unapungua, na giza likirudi kila mtu yuko na mkeka wake.

Kwa nini mtu ajue halafu afanye vilevile? Ile habari ya siku 21 ina ukweli? Na tuanzie wapi, maana mahubiri yametosha.

Saikolojia_Nyegezi

Mkuu, kitu kikirudiwa mara nyingi mahali palepale na saa ileile, ubongo unaacha kukipigia hesabu. Kinaendeshwa na sehemu za ndani za ubongo ambazo hazingoji ushauri wa mtu. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alipima seli za dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu, za nyani waliokuwa wakipewa juisi. Mwanzoni seli zilisisimka juisi ilipofika. Nyani walipokwisha kujifunza kwamba kuna ishara inayotangulia juisi, msisimko ukahamia kwenye ishara. Kwa kuli wa Mwaloni, ishara ni noti kuingia mkononi au simu kulia muamala ukiingia. Hamu inaanzia hapo, kabla hajafungua hata ukurasa wa mechi.

Kisha kuna malipo yasiyotabirika. Mwanasaikolojia Skinner alionyesha kwa njiwa kwamba ndege anayepata punje baada ya kudonoa mara zisizojulikana hudonoa kwa kasi na huchelewa sana kuacha punje zikikatika. Mkeka umejengwa hivyohivyo, na una mtego wa ziada: kukosa kwa timu moja. Chukua mkeka wa mechi 8, kila moja ikiwa na nafasi ya asilimia 60. Kupata zote 8 ni kama asilimia 1.7. Kuchaniwa na timu moja tu ni karibu asilimia 9. Kwa hiyo "nilikaribia" itamtokea mara tano zaidi ya "nimeshinda". Luke Clark na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba kukosa kidogo namna hiyo kunaamsha maeneo yaleyale ya ubongo yanayoamshwa na ushindi, na kunaongeza hamu ya kuendelea. Mchezaji anahesabu kukaribia kama maendeleo, wakati mechi za kesho hazina habari na mkeka wa jana.

Siku 21 zilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau kama siku 21 kuzoea sura mpya. Hakupima mazoea ya kila siku. Phillippa Lally na wenzake London walifuatilia watu 96. Tabia mpya ilichukua siku 66 kwa mtu wa katikati kabla haijawa ya kujiendesha, huku tofauti ikianzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu cha maana.

Faini ifuteni. Kati ya vituo 10 vya kulelea watoto vilivyochunguzwa Haifa, Israel, sita viliwatoza faini wazazi waliochelewa kuchukua watoto, na uchelewaji ukaongezeka, maana mzazi aliona sasa ananunua muda. Kuli anayelipa 1,000 Ijumaa naye anajiona amemaliza deni la aibu. Isitoshe Ijumaa iko mbali sana na Jumatano saa 12 jioni.

MamaKibubu

Nasogeza kwenye utendaji. Kosa lenu liko kwenye mpangilio: hela inapita mkononi kwanza, kikoba baadaye. Geuzeni. Mweka hazina akae palepale malipo yanapotolewa, na 2,000 ikatwe kabla mtu hajaweka noti mfukoni. Daftari liwe wazi, jina na tiki, kila mtu aone. Hapo hamhitaji moyo wa chuma kwa mtu yeyote.

Kwa kinachobaki, kila mmoja aandike sentensi moja ya "nikifika hapa, nafanya hivi". Peter Gollwitzer ndiye aliyechunguza hili kwa undani: nia tupu hufanya kazi kidogo, nia iliyofungwa kwenye mahali na saa hufanya kazi zaidi. "Nitajitahidi kuacha" haifai kitu. "Nikitoka getini nageukia stendi ya daladala, simu ikiwa ndani ya begi, mpaka nifike nyumbani" inafaa. Sentensi isiwe ya kukataza tu. Ukimwambia mtu asipite kwenye duka la kubeti bila kumwambia apite wapi, miguu itampeleka ilikozoea.

Saa ngumu ni kati ya 11 jioni na 3 usiku, na kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, ndipo panapowamaliza, kwa sababu mpira, marafiki na simu viko meza moja. Hatuwazuii mpira jamani. Simu ibaki nyumbani, hela ya kiingilio na soda tu mfukoni. Programu ya kubeti ifutwe, na kampuni iombwe ifunge akaunti. Kufuta programu peke yake kunanunua dakika tano.

Hamu ikija, asishindane nayo. Akae, aangalie inakaa wapi mwilini, kifuani au vidoleni, aipe kama nusu saa. Inapanda na inashuka bila kulishwa. Wengi hawajui hilo kwa sababu hawajawahi kuiacha ishuke yenyewe.

Karabai

Mmeeleza vizuri ila mmeruka mbalamwezi, na hapo ndipo kikundi kinapofia. Mwezi ukiwaka taa haivuti dagaa, mitumbwi inakaa, magunia yanapungua. Geti, malipo, mweka hazina, ishara zote mlizojenga zinaondoka kwa pamoja. Mark Bouton ameonyesha kwamba tabia ya zamani haifutwi, inafunikwa tu na mpya, na mazingira yakibadilika ya zamani inachomoza. Kwa hiyo andaeni sentensi ya pili ya siku za mbalamwezi: saa ileile, mahali pengine, tuseme nyumbani kwa mweka hazina, kiasi 200 badala ya 2,000.

Bwiru_Kaskazini

200 mkuu? Huko si kuwalea? Kikoba cha 200 hakikopeshi mtu.

Karabai

Hakikopeshi, kweli. Siku hizo tunalinda tendo, kiasi kitarudi na giza. Mkidai 2,000 kwa mtu aliyepata 3,000 atakwepa, atarundika deni, na deni likifika 10,000 hataonekana tena. Alan Marlatt alilieleza vizuri: mtu akiteleza mara moja hujiona ameshaharibu, basi anamalizia yote. Sheria yenu iwe moja, aliyekosa jana anaanza na malipo ya leo, bila kulimbikiziwa.

Saikolojia_Nyegezi

Naongeza la furaha, maana mkiondoa mkeka bila kuweka kitu mtaacha shimo. Kwa 500 mtu ananunua matumaini ya mpaka Jumapili usiku, na hicho ni kitu kikubwa kwa mgongo uliobeba magunia kutwa. Akiba lazima nayo ionekane kabla ya mwaka kwisha: kila mmoja ataje kitu kimoja, bati 10, ada ya mtoto, na daftari lionyeshe amefika wapi. Walioshinda bahati nasibu Illinois, watu 22 aliowapima Philip Brickman na wenzake mwaka 1978, hawakuwa na furaha ya maana kuliko majirani zao, na vitu vidogo vya kila siku viliwapa raha pungufu kuliko hao majirani. Kundi ni dogo, lakini linafaa kutajwa kwa anayesubiri mkeka mmoja umtoe.

Na yule anayekopa ili arudishe alichopoteza, anayeficha, aliyeuza vitu vya ndani, huyo sentensi na daftari havimtoshi. Apelekwe idara ya magonjwa ya akili, hospitali ya Bugando. Akizungumzia kufa, apelekwe siku hiyohiyo.

MwekaHazina_Kirumba

Nimewasoma. Kesho naomba tajiri anipe meza karibu na mizani. Wapo watano wanaolipwa kwa simu, hao tunawakataje?

MamaKibubu

Msiwakate, mwombe tajiri awatumie mara mbili: 2,000 kwenye namba ya kikoba, inayobaki kwao. Gharama ya muamala wa pili ibebwe na kikundi, la sivyo kuna atakayeitumia kama sababu ya kujitoa.