Kontrola imeandikwa MPPT, ndani ni kanyaboya. Wauza sola wa Moshi, hivi mnatuonaje?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo lugha mtanivumilia.

Mimi ni mama wa mtindi, naishi Moshi upande wa Rau. Maziwa naletewa asubuhi na kina mama wa Uru, nachemsha, nagandisha, nauza kwa kikombe na kwa lita. Friji kwangu ndiyo duka lenyewe. Ule mgao wa umeme wa mwisho wa 2023 ulinila vibaya, kuna wiki nilimwaga ndoo mbili mtaroni na majirani wamesimama wananitazama. Nikavunja kibubu, nikaongeza mkopo wa kikoba, na Januari 2024 nikaingia duka moja la sola hapo mjini. Jina silitaji, mwenyewe akisoma atajijua.

Niliondoka na paneli mbili za wati 330, betri mbili za jeli za 12V 200Ah, inveta ya wati 2000 ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vitu vya nyumbani, na kontrola, kile kifaa cha kati kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, imeandikwa MPPT, yaani ile aina ya bei ya juu, kwa herufi za dhahabu kabisa. Jumla milioni mbili na laki nne, ufundi ndani. Hakuna aliyeniuliza natumia nini nyumbani. Hata swali moja! Mangi mwenye duka alitazama pochi, hakutazama friji.

Miezi ya mwanzo nilikuwa namsifia kwa kila mtu, na hapo ndipo aliponikamata. Sola ilikuwa inabeba taa, TV na kuchaji simu tu, friji bado iko kwenye umeme wa luku. Jua la Januari na Februari mnalijua. Mwezi wa tano nikampigia simu, nikamuuliza kama naweza kuhamishia friji kwenye sola. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Dada, weka hata mawili."

Nikaweka moja. Ikaingia Juni.

Anayeishi Moshi anajua Juni mpaka Agosti kukoje. Mlima unajifunika blanketi, na sisi tulio chini yake tunafunikwa nao. Saa nne usiku inveta inaanza kulia piii, piii, kama kifaranga aliyepotea. Saa saba usiku imezima. Asubuhi nafungua friji, mtindi umechacha mpaka unapanda kwenye kifuniko. Nikapiga simu dukani, naambiwa nimezidisha mzigo. Nikaondoa TV. Inalia. Nikabakiza friji na taa mbili. Inalia. Kufika Machi 2025 betri zote mbili hazishiki chaji hata kwa taa, na hazijamaliza miezi kumi na tano. Waranti waliyoandika kwa mkono ni miaka miwili.

Tangu hapo ni danadana. Fundi yuko Himo. Fundi yuko Machame. Fundi ana msiba. Bosi kasafiri. Juzi ndiyo wakanitumia ujumbe wa kunimaliza: "Dada, Moshi ina mawingu, sola za huku ndivyo zilivyo." Sasa Januari unaniuzia, hayo mawingu ulikuwa umeyaficha stoo?

Kilichonifanya nije kuandika ni Jumamosi iliyopita. Kuna babu jirani yangu, fundi umeme mstaafu wa kiwandani, ana sola yake kwa miaka na haijawahi kumlilia. Alikuja kununua mtindi, hakuna, akauliza kulikoni. Nilipomweleza akarudi kwake, akaja na multimita, kile kipimo cha umeme, na betri yake moja nzima, kwa sababu alisema kupimia betri mfu ni kama kumuuliza marehemu anaumwa wapi.

Tukasubiri wingu lifunguke, saa saba mchana likafunguka. Akachomoa waya za paneli kwenye kontrola, akapima waya tupu: volti 43. Akazirudisha, kontrola ikaanza kuchaji betri yake, akapima tena palepale zinapoingia waya za paneli. Volti 13.1. Akahamia kwenye betri. Volti 13.1. Akanitazama juu ya miwani. "Mama, hii siyo MPPT."

Kwa tusiojua, na mimi sikujua: paneli hizi za 330 zina seli 72, na zinazalisha vizuri zikiwa kwenye volti kama 37. Betri ya 12V inapochajiwa iko kwenye 13 au 14. Kontrola ya MPPT ya kweli inapokea zile 37 na kuzibadilisha, volti zinashuka, ampea zinapanda, wati zinabaki karibu zilezile. PWM, ile aina nyingine ya kontrola, haibadilishi kitu. Kazi yake ni kuunganisha na kukatisha, kwa hiyo paneli inaburutwa mpaka kwenye volti za betri, na ampea zinabaki zilezile kama tisa hivi kwa kila paneli, jua likiwa kali. Tisa mara kumi na tatu ni wati 117. Umenunua 330, unakula 117! Nyingine zinakufa huko huko juu ya bati. PWM yenyewe haina dhambi, ukiifunga na paneli ndogo ya seli 36, ile ya volti kama 18, inafanya kazi yake vizuri tu. Dhambi ni kuniwekea paneli kubwa kwenye kontrola ya PWM, halafu mkabandika stika ya MPPT ili nilipe zaidi.

Siku hiyo ampea zilizoingia zilikuwa 11 kwa paneli zote mbili. Wati 144 hivi, kati ya 660. Babu akasema kwa jua lilelile, kontrola ya kweli ingenipa mara mbili na nusu ya hapo. Akafungua skurubu nne za kopo la kontrola. Ndani kuna kibodi kidogo na transista chache. Ya kwake ya ampea zilezile tulienda kuiangalia: nzito, na ndani ina koili nene ya shaba. Yangu ukiishika ni nyepesi kama sahani ya plastiki. Jamani, uzito tu ungeniambia, ila nani alinifundisha kupima kontrola kwa mkono kama parachichi sokoni?

Bado hajamaliza. Akauliza, "Nani aliyezipa paneli mgongo mlimani?" Kweli, fundi wao alizifunga kwenye bati la upande wa kusini, zinaangalia kule tambarare kwenye miwa, kwa sababu huko ni karibu na chumba cha betri. Moshi tuko kusini mwa ikweta, nyuzi tatu na kidogo. Kuanzia katikati ya Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini yetu, yaani upande wa mlima, na Juni saa sita mchana limeinama nyuzi 26 hivi kutoka utosini. Bati langu lina mwinuko mkali na limeelekea kusini. Kwa hiyo Januari, jua likiwa kusini, paneli zilikuwa zinakula sawasawa na mimi nasifia. Juni jua limehamia nyuma ya nyumba na mawingu juu yake. Ndiyo hayo "mawingu ya Moshi" ya mangi! Babu anasema kwetu huku paneli ilale kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15 zinatosha, kusudi mvua iisafishe, na uso wake uangalie mlima. Basi. Hicho ni kitu cha kumshinda fundi?

Halafu akanionyesha waya unaotoka betri kwenda kwenye inveta. Mwembamba. Ni waya wa milimita za mraba 6 kwenye mfumo wa 12V, urefu wa mita tatu. Kwenye 12V, wati 700 tu ni ampea 60 hivi, na waya huo unakula zaidi ya volti moja njiani. Friji inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya kawaida yake, kwa hiyo betri ina 12.3, inveta inaona 11 na kitu, inalia. Mara nyingine betri haikuwa imeisha, waya ndio mwembamba. Na mimi usiku kucha nazima taa za watoto nikidhani nimezidisha mzigo. Mwanangu wa darasa la saba amesoma kwa tochi ya simu, mangi, ujue hilo.

Hesabu tulipiga kwenye daftari la huyo huyo mwanangu. Betri zangu mbili kwa maandishi ni wati-saa 4,800, lakini za jeli ukitaka zidumu usishuke chini ya nusu, kwa hiyo zangu halali ni 2,400 kwa usiku mmoja. Friji yangu kama 1,000 kwa siku. Inveta yenyewe, bila kuwasha chochote, ilikuwa inavuta ampea 2, yaani wati 24, na kwa saa 24 ni 576. Nilishtuka. Yule mgeni anakula zaidi ya nusu ya friji na sijawahi kumwona mezani! Weka taa na TV 300. Inakaribia 1,900 zinazotoka kila siku, na siku za Juni zilizokuwa zinaingia huenda hazikufika hata 700. Betri za jeli zikilala na njaa kila siku zinaganda salfa ndani, hazirudi. Zilikufa kwa njaa, wala hakuna aliyezitumia vibaya. Na huo ndio ugomvi wangu kwa ujumla wake: mnaniambia nimeua betri, kumbe mliniuzia mlango mwembamba wa kuzilishia.

Wenye kusema "ungetafuta fundi mwenye leseni ya EWURA", wale wadhibiti wa nishati, sawa, mna haki, sikuuliza. Wenye kusema nipeleke malalamiko Tume ya Ushindani, naandaa barua. Ila risiti niliyopewa ni ya mkono, ya EFD, ile ya mashine ya kodi, walisema mashine mbovu. Nayo nilikubali. Nichekeni tu.

NYONGEZA, usiku huu: naona mmeuliza mengi, najibu ninayoyajua.

Aliyeuliza atajuaje kama yake ni feki bila kuifungua: jua likiwa kali na betri haijajaa, pima volti za paneli na za betri pale kwenye kontrola. Zikilingana, umepigwa. Ikiwa ya paneli iko juu sana kuliko ya betri na chaji inaingia vizuri, tulia. Usipime wakati betri imejaa, utadanganyika.

Mkuu wa Arusha anayesema ana inveta ya haibridi, ile inayotumia sola na umeme wa gridi pamoja, na gharama ya luku haipungui hata senti: babu anasema kwa nyingi za aina hiyo ingia kwenye mipangilio namba 01, mafundi wengi wanaiacha kwenye umeme wa gridi kwanza, yaani paneli ziko juu zinaota jua na wewe unalipa. Iweke SBU, jua kwanza, kisha betri, gridi mwisho. Na namba 05 hakikisha aina ya betri ni ile uliyonayo kweli.

Mnaoniambia ninunue betri ya lithiamu: ni nzuri, ndiyo, unaitumia mpaka asilimia 80 au 90 ya uwezo wake na inadumu miaka mingi zaidi. Lakini ningeifunga kwenye hii kontrola ningekuwa nimemnunulia mtoto sahani kubwa bila chakula. Kwanza mlango.

Kwa sasa nimehamisha paneli zikaangalia mlima, mbao na misumari tu, hela ya soda kwa kijana wa jirani. Friji naendesha mchana peke yake kwa betri niliyoazimwa na babu, waya mnene na mfupi, na nimejaza chupa za maji ndani zigande. Saa kumi na mbili jioni nazima inveta yote. Chupa zinashikilia baridi mpaka asubuhi, ila mtindi ninaobeba ni nusu ya zamani. Kutwa mara moja napanda kufuta vumbi la barabara, alfajiri paneli zikiwa baridi. Dishi la TV nalo nimelisogeza, kivuli chake kilikuwa kinapita kwenye paneli moja kuanzia saa tisa.

Ninachodai ni kontrola ya kweli na betri mbili, waranti inaisha Januari 2026 na naona kabisa mnavuta muda. Jumatatu saa tatu asubuhi nipo mlangoni kwenu, mimi, babu, multimita yake, na lile kopo liko kwenye kikapu. Mangi, siku hiyo usisafiri.