MJADALA: Bi Salme anastahili jina la mtaa hapa Bagamoyo? Mi nasema hapana, njooni tubishane

Wadau habari za jioni. Naleta hili hapa maana nyumbani limetushinda, tumebishana toka Ijumaa na mpaka leo mi na kaka yangu tunasalimiana kwa shingo upande.

Ilianza hivi. Mtoto wa kaka yuko fomu tuu, ticha wake wa historia kawaambia kila mtu aandike kurasa mbili, mwanamke gani wa zamani wa pwani angetaka mtaa wao upewe jina lake na kwa nini. Akanifuata jikoni niko na vitumbua vyangu, "shikamoo shangazi, mi nishampata wangu, Bi Salme wa Unguja". Nikamwambia haya nisomee. Akasoma vizuri, mtoto ana kipaji, lakini alipofika mwisho nikamuuliza na watumwa wake umewaweka wapi? Akanyamaza. Baba yake aliyekuwa barazani akadakia, "dada usimharibie mtoto kazi yake", basi hapo ndo moto ukawaka.

Kwa wasiomjua kwa ufupi. Salme alikuwa binti wa Seyyid Said, sultani wa Unguja, kazaliwa 1844 kule Mtoni Unguja, mama yake suria wa Kicherkesi. Wasichana wa kwao walifundishwa kusoma lakini kuandika hapana, yeye akajifundisha kwa siri, ananakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao mwingine Majid aliyekuwa sultani, huyu binti wa miaka kumi na tano ndo alikuwa mwandishi wa barua za njama. Baadae akapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani jirani yake, akashika mimba, na mimba ile kwa binti wa kifalme ilikuwa hatari ya roho yake. Agosti 1866, usiku wa siku ya mwaka wanawake walipoteremka pwani kuoga, akaingia kwenye mashua akapelekwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Akabatizwa, akaitwa Emily, akaolewa, akaenda Hamburg. 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu akamwachia watoto watatu wadogo.

Sasa nisieleweke vibaya. Mi kwa habari ya mimba na kutoroka siko na wale wanaomwita malaya, na hapa kwetu wapo wengi tu, hata barazani siku ile mzee mmoja alilitoa hilo neno mbele ya mtoto. Hilo si kosa la kumnyima mtu mtaa. Alipenda, akaona atakufa, akakimbia, na mimi ningekimbia. Bibi Titi Mohamed alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini 1971, akatoka kwa msamaha 1972, leo barabara kubwa Dar ina jina lake na hakuna anayeona ajabu, na ni haki yake kabisa, yule mama aliwatoa wanawake majumbani akawaingiza TANU wakati waume zao wenyewe wanaogopa. Kwa hiyo kuwa na kesi sio hoja yangu.

Hoja yangu ni lile ambalo siku zile halikuwa kosa kwa sheria yoyote ya Unguja. Salme alirithi mashamba na watu wa kuyalima. Na angeweza kunyamaza, ila hakunyamaza, 1886 akachapisha kumbukumbu zake Ujerumani na ndani yake kaweka sura nzima ya kutetea utumwa, kwamba watumwa wa kwetu wanaishi vizuri msiwafananishe na wa Marekani, kwamba Mwafrika ni mvivu bila kulazimishwa hafanyi kazi, kwamba kuwaacha huru ghafla ni kuwafilisi wenye mashamba. Aliandika hayo akiwa mtu mzima, mjane, ameshaonja mwenyewe kuwa mgeni asiye na mtu kwenye baridi ya Ulaya. Hapo ndo ninaposhindwa.

Kaka anasema "wakati ule wote walifikiri hivyo". Wote nani? Mbona mnawahesabu wenye mashamba tu? Yule aliyekuwa anapanda dau hapa Bagamoyo kavuliwa mnyororo wa shingo jana yake, naye alifikiri hivyo?

Bibi yake bibi yangu mzaa mama aliishia nyumba ya tatu kutoka msikitini, mtaa huuhuu tunaobishania. Bibi alisema yule mama ukimuuliza kwenu wapi anajibu "bara" basi, hata kabila hakulijua maana alichukuliwa mdogo mno. Ila akiwa anatwanga alikuwa na wimbo wake mmoja, maneno yake hakuna mtu nyumba nzima aliyeyaelewa, na yeye mwenyewe akiulizwa maana yake anasema kasahau ila mdomo haujasahau. Bibi alikuwa akiuimba mstari mmoja wa ule wimbo, nami naukumbuka sauti tu, maneno yameshapotea. Utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria 1922 jamani, si zamani za Firauni.

Halafu kuna la meli. Agosti 1885 Salme alirudi Unguja, yuko kwenye meli moja na manowari za Wajerumani zimetia nanga mbele ya jumba la Barghash, ambaye sasa ndo alikuwa sultani, mizinga inaangalia dirishani. Bismarck, mkuu wa serikali ya Ujerumani, alikuwa anataka sultani akubali mikataba aliyoiokota Mjerumani mwenzake Carl Peters huko Usagara na Uzigua, na madai ya urithi ya Salme yakawa kisingizio kizuri cha kumtisha. Barghash akakubali. Urithi wenyewe Salme hakuupata, wakubwa walipomaliza shida yao wakamsahau. Miaka mitatu baadae kampuni ya Wajerumani ikaja kupandisha bendera yao Bagamoyo na Pangani, Abushiri na Bwana Heri wakasimama, mji huu ukapigwa mabomu, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Sisemi Salme ndo aliwaleta, wangekuja tu, na mjane mwenye watoto watatu alitumiwa kama chambo. Lakini kupanda ile meli alipanda mwenyewe, na mtaa ninaouzungumzia ni wa Bagamoyo, sio wa Mtoni. Mkitaka kumpa mtaa Unguja huko ni kwao, wao wataamua.

Hata Hamburg kwenyewe, 2019 walikipa kiwanja kimoja jina lake, watu wakasoma yale aliyoandika juu ya Waafrika, mwaka uliofuata wakaamua jina liondolewe. Wao alioishi nao wamesita, sisi tunalikimbilia!

Kuna kitu kimoja naomba mliowahi kufika misheni ya Wakatoliki hapa Bagamoyo mkikumbuke. Pale kuna mbuyu mkubwa, una kipande cha mnyororo kimechomoza kwenye gome, mti umekua ukaumeza. Kila mgeni anaonyeshwa na anaambiwa huu ni mnyororo wa Madame Chevalier, mama wa Kizungu, alikuwa anamfungia punda wake. Basi. Punda wa Madame tunajua alifungwa wapi na nani. Hatua chache tu ndani ya makumbusho kuna minyororo ya watu, ukiuliza hii ilikuwa shingo ya nani hakuna jina hata moja. Nilimpeleka mtoto Jumapili tukasimama pale, akaushika ule wa kwenye mbuyu, ukutu ukambaki kidoleni, akaniuliza "shangazi kwa hiyo hawa wengine hawakuandikwa kabisa?"

Wachache waliandikwa, kwa bahati. Halima kwa mfano. Alikuwa mpishi wa Livingstone, yule msafiri na mmisionari wa Kiskoti, mke wa Amoda, mwanamke mtumwa aliyetembea na msafara ule porini miaka. Livingstone mwenyewe aliandika kwenye daftari lake kwamba atamwacha huru na atamnunulia nyumba na bustani wakifika Zanzibar. Akafa 1873 kabla ya kufika. Mwili wake ukabebwa mpaka hapa, Februari 1874, ukalazwa misheni, na mpaka leo mnara unaitwa wa Livingstone. Susi na Chuma, watumishi wake walioongoza kuubeba mwili, angalau wanatajwa kwenye ziara. Mpishi aliyewalisha hatajwi. Mi nikimwambia mtoto aandike Halima, kaka anasema "huyo kafanya nini zaidi ya kupika?" Yaani mtu kalisha msafara mzima porini miaka na miaka, anapika leo hajui kesho watakula nini, hiyo kwake ni "kupika tu". Nyumba yake na bustani yake hiyo ambayo aliahidiwa, tumpe basi hata kibao cha mtaa.

Najua mtakuja na hoja ya mfupa wa ngamia, kwamba msichana anahitaji kuona mwenzake aliyejifundisha kuandika kwa siri. Hii ndo hoja inayoniumiza maana ni ya kweli, na yule mtoto wetu hicho ndo kilichomvuta. Lakini kwenye insha alikiweka chote, njama, mimba, manowari, akaacha watu wa shambani nje. Mi sitaki asimwandike, aandike na hao.

Wengine mmenitumia inboksi mnasema Mkomanile, aliyenyongwa Songea Februari 1906 pamoja na wanaume wa Majimaji. Jina kubwa na nampigia saluti, ila ticha kasema pwani.

Insha inakusanywa Jumatatu. Daftari liko hapa mezani, juu ya ukurasa kaandika Salme, chini yake kaandika Halima, kisha kaacha mistari mitupu na kuniambia "shangazi waulize watu wako". Kwa hiyo nauliza watu wa Dunda, Magomeni, Kaole, Saadani, Pangani, hata Tanga mjini: kuna mwanamke kwenye ukoo wenu aliyekuja na msafara ambaye jina lake bado mnalijua? Liwekeni hapa, na mnaompigania Salme nanyi leteni hoja zenu, nasoma zote.