T-55 yangu ya kwanza: brashi, enameli au kopo la kupuliza?

Kifaru_Mpya
Wakuu, salaam. Nimemaliza kuunganisha modeli ya plastiki ya kifaru cha T-55A, ya kampuni ya Tamiya, kipimo cha 1/35 (kila kitu kimepunguzwa mara 35). Nataka ifanane na zile za Libya zilizofika Lukaya, Uganda, Machi 1979 wakati wa Vita vya Kagera, kwa hiyo vumbi na matope ni lazima. Ebrashi (brashi ya kupulizia rangi kwa hewa) sina, kompresa ya kuisukuma sina, na nyumbani kuna mtoto mdogo. Nachagua kati ya Vallejo (rangi za maji) kwa brashi, Humbrol za enameli (rangi zenye mafuta), au kopo la kupuliza. Mngeanza na ipi?

MzeeMsasa
Kwa kuwa kuna mtoto, enameli usiipake mwili mzima. Harufu haiishi leo na inakauka polepole. Vallejo unaosha brashi kwa maji tu. Ubaya wake haishiki plastiki tupu, ukipitisha ukucha inabanduka. Osha modeli kwa sabuni ya vyombo utoe mafuta ya vidole, piga praima (rangi ya kwanza ya kushikisha), halafu tabaka mbili tatu nyepesi kama maziwa. Ukipaka zito mara moja, vichwa vya boliti vinazama.

DadaTabaka
Mzee wangu, hapo nakupinga kidogo. Kijani kimoja mwili mzima ni kazi ya kopo. Pulizia nje upepo ukiwa umetulia, kama sentimita 20 hadi 30. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye modeli, achia ukishaipita. Brashi ibaki kwa minyororo na bunduki ya juu. Ila rangi za Tamiya za chupa usipake kwa brashi: tabaka la pili linayeyusha la kwanza. Mimi niliharibu kichwa kizima cha kifaru hivyo, nikakifunika na turubai la karatasi ya tishu na gundi nyeupe. Watu wakalisifia turubai!

Kifaru_Mpya
Haya, kopo kisha Vallejo. Na uchakavu je? Nasikia wengine wanatumia rangi za mafuta za wachoraji.

Brashi_Kavu
Tumia hizo hizo. Kahawia nzito ya tyubu, tone dogo tu, iwe nyepesi kwa tapentaini isiyo na harufu. Gusisha kwenye pembe na kwenye maungio, inakimbia yenyewe. Ya maji inakauka dakika chache, ukikosea doa ni lako. Ya mafuta unarudi hata baada ya nusu saa na pamba ya masikio, unafuta. Msingi uwe umekauka siku nzima kwanza, na tina (kiyeyusho) ya rangi za magari isikaribie meza yako, inakula mpaka plastiki.

Mikwaruzo, chovya kipande cha sponji kwenye kahawia, kipangusie karatasini hadi kikaribie kukauka, ndipo uguse. Kumbuka hesabu ya 1/35: doa la milimita 1 ni sentimita 3.5 kwenye kifaru halisi. Wanaoanza wengi (mimi nikiwemo) huchubua mpaka kifaru kinaonekana kimeokotwa baharini. Chubua kingo za milango na pale askari wanapokanyaga wakipanda, basi.

MzeeMsasa
Hapo kijana kasema. Na kuhusu Lukaya, pale ni kinamasi cha mafunjo. Matope ya kinamasi ni meusi, kwa hiyo magurudumu na minyororo viwe vyeusi vyenye unyevu. Wekundu uuache kwa vumbi la juu. Kwangua chaki ya pastel kwa wembe, pakaza kwa brashi kavu. Vanishi usipulizie juu ya hilo vumbi, nusu yake litapotea.

Kifaru_Mpya
Nimeelewa wakuu. Kesho asubuhi najaribu kopo kwenye kijiko cha plastiki kwanza.

DadaTabaka
Chukua vijiko vitano. Cha kwanza kitatiririka.