Naomba ushauri: ninunue The Dio Years au albamu zenyewe?
Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Nimepata diski ya The Dio Years, mkusanyiko wa Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza, uliotoka mwaka 2007, wenye nyimbo za kipindi ambacho marehemu Ronnie James Dio alikuwa mwimbaji wao, pamoja na tatu mpya zilizorekodiwa kwa ajili ya mkusanyiko huo. Hizo tatu ndizo zinazonivuta, hasa The Devil Cried, ambamo gitaa zito la Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi hiyo, linakokota taratibu huku sauti ya Dio, aliyekuwa ameshavuka miaka 60, ikipanda juu yake bila kutetereka. Kinachonisikitisha ni kwamba Children of the Sea imewekwa ya jukwaani, si ile ya studio ya mwaka 1980 niliyoipenda. Je, niuchukue mkusanyiko huu, au nidundulize nipate albamu za Heaven and Hell, Mob Rules na Dehumanizer zikiwa kamili?