Kijana wangu anakoroma halafu ananyamaza ghafla usiku: ningoje akue?

Mama_wa_Katuba
Jambo wazazi wenzangu. Niko Katuba, hapa Lubumbashi. Kijana wangu ana miaka 6. Tangu baridi ya mwaka jana anakoroma kila usiku, hata asipokuwa na mafua. Mkoromo wenyewe nimeuzoea. Ule ukimya ndio unaonikosesha usingizi. Anakoroma, anakoroma, kimya. Kifua kinahangaika lakini pumzi haitoki. Nahesabu mpaka kumi na mbili, ndipo anashtuka kama mtu aliyetolewa majini, anavuta hewa kwa nguvu na kugeuka. Analala shingo nyuma, kinywa wazi, shati limelowa jasho hata mwezi wa 7. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa imerudi.

Mwalimu naye ananiita: hatulii, anasukuma wenzake. Mama mkwe anasema baba yake alikoroma hivyohivyo na akakua, labda akatwe kilimi. Bwana yangu anataka tungoje. Waliopitia haya, nisaidieni.

Baba_Ruashi
Pole sana mama. Kwetu alikuwa binti wa miaka 4. Mrekodi kwa simu: taa iwashwe, fulana ipandishwe kifua kionekane, dakika chache za saa anapohangaika zaidi, sana sana alfajiri. Mchana daktari anakuta mtoto anacheza vizuri na haoni kitu. Sisi tulirudishwa nyumbani mara mbili, mpaka siku nilipomwonyesha daktari video.

Muuguzi_wa_Zamu
Mama, kilimi msikiguse. Mara nyingi, kwa umri wake, kinachoziba ni mafindofindo na adenoidi, zile nyama za nyuma ya pua. Usingizi ukikolea misuli ya koo inalegea, njia inafunga, oksijeni inashuka, ubongo unamshtua apumue. Hayo yakijirudia usiku kucha, mtoto hapumziki. Mtu mzima angesinzia mchana. Mtoto mara nyingi anakuwa mtundu, hatulii. Hata kukojoa kunaweza kutoka hapo. Mwambieni mwalimu asimpige.

Kuhusu kungoja: kuna utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2013, watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye tatizo hili. Baada ya miezi 7, vipimo vya usingizi vilirudi sawa kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa kutolewa mafindofindo na adenoidi, na kwa asilimia 46 ya waliongojea. Kwa hiyo wapo wanaopona bila kisu. Lakini wale walingoja wakiwa wameshapimwa, na ambao oksijeni yao ilishuka kwa muda mrefu hawakuingizwa. Kungoja bila kupimwa ni jambo lingine kabisa. Daktari anaweza pia kuanza na dawa ya kupuliza puani kwa wiki kadhaa.

Wakimpasua, asipewe kodeini wala tramadoli kwa maumivu. Zinaweza kuzima pumzi. Akitema damu mbichi, hata wiki moja baadaye, mrudini hospitali saa hiyohiyo. Na sasa hivi, msimpe dawa ya kikohozi ya kulaza ili atulie.

Yaya_Kamalondo
Mbabula, lile jiko la makala, mnaiacha chumbani usiku? Mwezi wa 6 na wa 7 wengi tunafanya hivyo. Itoeni. Moshi unavimbisha pua, na ile hewa ya makala inaua watu wazima waliolala.

Mzazi_SS
Naongeza moja. Kama mtoto ni SS, yaani ana ugonjwa wa selimundu, mwambieni daktari mapema. Kushuka kwa oksijeni usiku kunaweza kumwamshia maumivu, na kabla ya upasuaji anahitaji maandalizi yake.

Kaka_Kampemba
Na vijana wakubwa? Mdogo wangu ana miaka 15, mnene, anasinzia darasani.

Muuguzi_wa_Zamu
Naye apimwe, kaka. Kwa wanene, kutoa mafindofindo mara nyingi hakumalizi tatizo. Kupunguza uzito kunasaidia, na wengine wanalala na mashine ya kusukuma hewa puani.

Mama_wa_Katuba
Asanteni sana. Nimerekodi jana saa kumi usiku. Bwana yangu ameangalia video yote, akaniomba nirudishe pale pa kimya, akahesabu mwenyewe. Kesho tunaenda. Nianze kwa daktari wa watoto au wa masikio, pua na koo?

Baba_Ruashi
Wa watoto kwanza, amsikilize moyo, ampime uzito na urefu. Akuandikie barua ya huyo mwingine. Na simu uijaze moto (umeme).