Bendi inapiga mpaka saa nane usiku, nianzie wapi?

Wadau habari zenu. Nakaa Kilimani Nairobi, baa ya jirani siku hizi inaleta bendi laivu kila wikendi, besi inatetemesha madirisha mpaka saa nane usiku na mtoto halali kabisa. Muziki naupenda jamani, rhumba hasa, lakini hii imezidi. Nianzie wapi?

>> Pole sana dada. Kanuni za kelele za 2009 ziko wazi, makazi yaliyochanganyika na biashara ni desibeli 55 mchana na 35 usiku, na usiku unaanza saa mbili. Andikeni barua wapangaji wote mpeleke NEMA, mamlaka ya mazingira, na kaunti, mtu mmoja hasikizwi.

>> Mimi napiga gitaa. 2022 kaunti ilipotangaza kufuta leseni za klabu kwenye makazi, sisi ndio tuliogopa, maana hiyo kazi ndiyo inalisha watoto wetu. Desibeli 35 hata watu wakipiga stori tu inapita! Ongeeni na meneja kwanza, spika zigeuzwe ndani, besi ishushwe, ndiyo inayopenya ukuta.

>> Tumeongea kaka, wanapunguza nusu saa halafu inarudi palepale. Barua tunaandika wiki hii.